Baba Alivyonenepa Kwenye Kioo Kipya

Mtu wa kwanza mtaani kwetu hapa Bariadi kumiliki kompyuta ni mimi, na atakayekuambia vinginevyo mlete kwangu tuongee. Wakati huo kuna watu wazima na akili zao walikuwa wanaiita televisheni ya ofisini. Niliichukua kwenye mradi mmoja wa watu wa nje uliokuwa unafunga shughuli zake, na mhasibu wao, msomi wa digrii mbili, ndiye aliyenisaidia kunyanyua kile kioo mpaka kwenye mkokoteni. Ndiyo, mkokoteni wa ng'ombe. Watu walicheka. Leo hao hao wanapanga foleni kwenye mashine yangu ya kukoboa mpunga, na wakifika mlangoni pa ofisi wanavua kofia.

Shule niliishia darasa la nne. Sijionei huruma kusema hivyo, nasema ili ujue kwamba kila unachokiona pale, mashine, ghala, ukuta wa tofali kuzunguka kiwanja, nilikiweka bila kumpigia magoti mwenye cheti yeyote. Wenye vyeti nawaajiri. Karani wangu ana stashahada. Ni mwanamama wa Kihaya, mume wake mtumishi wa serikali aliyehamishiwa huku, na tangu wiki yake ya kwanza amekuwa akinisihi ile kompyuta niitupe.

"Bosi, hiki kitu nikikiwasha asubuhi, nakunywa chai, namaliza, naosha kikombe, ndipo kinafunguka."

"Basi shukuru. Ofisi gani nyingine wanakupa muda wa chai namna hiyo?"

Kwanza, kitu changu mimi hakitupwi. Halafu ndani yake alikuwamo baba.

Baba alifariki nikiwa bado kijana asiye na mbele wala nyuma, tukiishi Ipililo, tukilima pamba. Katika maisha yake yote alipigwa picha moja. Aliyempiga ni bwana shamba, msimu ambao pamba ilikubali. Baba amesimama na koti alilotoka kulinunua, mkono mmoja juu ya pembe ya maksai, anaitazama kamera kama mtu anayedaiwa maelezo. Mwembamba! Koti limemning'inia kama limeanikwa. Unene wa ukoo wetu wote aliuchukua kaka yake, baba yangu mkubwa, pamoja na ng'ombe.

Picha yenyewe ya karatasi iliishia tumboni mwa mchwa, lakini kabla ya hapo nilikuwa nimeshaipeleka kwa watu wa fotokopi wakaiingiza kwenye kompyuta yangu. Huo ndio uwezo wa kuona mbali. Karani aliiweka ile picha ikajaa kioo kizima, kwamba ukiwasha tu, baba huyo.

Sasa mama. Mama ninaishi naye. Nyumba yake iko nyuma ya mashine, nimemjengea mimi, bati la rangi, sakafu ya vigae ambavyo amevifunika vyote kwa mikeka kwa sababu vinamtelezesha. Macho yake yameondoka. Jicho moja limefungika kabisa. La pili linaona kitu kikubwa chenye mwanga, basi. Niliwahi kumchapishia picha ya baba kwenye karatasi kubwa, nikaiweka kwenye fremu ya rangi ya dhahabu. Akaishika, akaigeuza huku na huku, akaniuliza ni kalenda ya nani. Lakini kwenye kile kioo, baba akiwa anawaka kutoka ndani, mama alimwona. Alimwona hadi vifungo vya koti.

Kwa hiyo kila alasiri alikuja ofisini, akavuta kigoda, akamsalimu: "Mwadila." Halafu akampa habari kwa Kisukuma. Nani kaoa, nani kazikwa, mvua imeanzia wapi, mpunga wa mwaka huu una wishwa tupu. Karani kazi zake alizisimamisha. Mimi nilijifanya nahesabu magunia. Jicho lile moja likikikosa kile kioo, mama anafiwa mara ya pili, hilo nililijua bila mtu kunieleza.

Na kioo kikaanza kuumwa.

Kilikuwa kile cha zamani chenye chogo, nyuma kimetoka kama kisogo cha mtu mwenye mawazo mengi. Mara kigeuke chekundu chote, mara kizime. Dawa yake ilikuwa kofi. Karani alikuwa na kofi lake la juu kulia. La kwangu lilikuwa la kwenye chogo, na lilifanya kazi haraka kuliko lake, hata yeye alikiri. Tukazoea. Mtu unazungumza na mteja, unapiga kofi, unaendelea na mazungumzo.

Alasiri moja mama yuko katikati ya habari ya harusi fulani, kioo kikawa chekundu, kikazima. Karani, mikono imeshazoea, akanyoosha: paa! Baba akaruka, akatetemeka, akarudi.

Mama akasimama.

"Unampiga mume wangu?"

"Hapana, mama. Napiga kioo."

"Nimemwona. Umempiga, ameshtuka."

"Mama, huwa ni hivyo hivyo, hata bosi anapigaga."

Hapo ndipo mama alipogeuka kunitafuta kwa lile jicho lake. "Na wewe unampiga baba yako? Wapi?"

Ungesema nini? Kwenye kisogo?

Siku zilizofuata hakuja. Alipokuja tena alimkuta mzee mwekundu kama nyanya, na sisi wote tumeficha mikono. Akamtazama sana. "Ana homa," akasema, akaondoka bila kumpa habari hata moja.

Nikampigia fundi. Huyu ana kibanda chake karibu na stendi, anatengeneza simu, redio, king'amuzi, kila kitu chenye waya. Alifika, akaitazama kompyuta yangu, akaizunguka kama mtu anayetaka kununua fahali.

"Mzee, hii ilikuja na Wajerumani?"

"Wewe tengeneza."

"Kioo hiki hakitengenezwi. Hiki tukitafutie sanda. Nakuletea flati, pana, safi. Ila ukitaka ushauri wangu, badilisha na hili boksi lake lenye ubongo, ni zee mno."

"Boksi lina kosa gani?"

"Halina kosa. Ni uzee tu."

"Na mimi nina uzee. Utanibadilisha?"

Akacheka, akaenda, akarudi na flati. Chogo tulilinyanyua watu wawili, flati aliishika kwa mkono mmoja kama sinia. Akachomeka waya, akawasha. Karani akanywa chai, akamaliza, akaosha kikombe. Baba akatokea.

Bwana wee! Baba alikuwa amenenepa.

Mashavu yamejaa. Koti lililokuwa linaning'inia sasa limembana, kifungo cha tumboni kinalalamika. Hata maksai amekuwa kama kiboko. Fundi alisema ndivyo flati zilivyo, kioo ni kipana na boksi ni la zamani, basi linaivuta picha ili ienee. "Hata kwangu nyumbani, mzee, wachezaji wa mpira wote ni vibonge. Mwanzoni inasumbua, baadaye unazoea. Saa hizi nikimwona mtu wa kawaida kwenye televisheni naona anaumwa."

Karani akaguna. Mimi, nikuambie kweli, nilipenda. Nilisimama mbele ya kioo kile, nikavuta mkanda wangu juu ya tumbo, nikaona sasa huyu ndiye baba wa mtu kama mimi. Mteja mmoja wa kutoka Mwanhuzi, mfuga ng'ombe, alichungulia dirishani akauliza, "Huyo mzee ni nani?" Nikamwambia ni baba yangu. "Alikuwa na mifugo mingi, eh?" Nikamwambia hakuna aliyeihesabu akaimaliza. Si uongo. Hakuna aliyejaribu. Akatikisa kichwa kwa heshima na kusema, "Ndiyo maana. Mnafanana kabisa."

Nikaenda mwenyewe kumchukua mama. Nikamshika mkono, nikamwambia baba amepona, amewekwa sehemu mpya, hakuna atakayempiga tena. Alijifunga khanga nyingine juu ya ile aliyokuwa nayo. Akaketi kwenye kigoda, akainua uso.

Hakusalimu.

Akasogea. Akanyoosha kidole, akakigusa kioo shavuni. Akashuka hadi tumboni, akarudi shavuni.

"Nani kamleta huyu hapa?"

"Mama, ni baba."

"Baba yako mkubwa, ndiyo. Nauliza nani kamleta."

Inabidi nieleze, maana fundi na karani walikuwa wananitazama kwa kutoelewa. Baba alipofariki, baada ya kumaliza matanga, kaka yake alikuja kumrithi mama kama ilivyokuwa desturi. Alikuja amejiandaa, amepaka mafuta, ana mashahidi. Mama alimkataa mbele ya watu wote. Hakumkataa kwa upole. Alimwambia nyumba yetu ina mlango mwembamba, hatapita. Baba mkubwa akaondoka na ng'ombe wote kwa hasira, na sisi tukabaki na jembe la mkono. Hapo ndipo maisha yangu ya kujitegemea yalipoanza, na ndiyo maana nasema sidaiwi na mtu.

Sasa mtu yule yule, baada ya miaka yote hii, mama anamkuta ofisini kwa mwanawe, kwenye kioo kipya, amevaa koti la marehemu.

"Amevaa koti la mume wangu," mama akasema. Sauti ilikuwa ndogo. Heri angefoka. "Alichukua ng'ombe nikanyamaza. Na koti?"

"Mama, ni baba huyu huyu, kioo ndicho kinamvuta."

"Mume wangu namjua. Huyu mtoeni. Mrudisheni yule mwenye homa."

Fundi, kwa kutaka kusaidia, akasema, "Lakini bibi, huyu anafanana na bosi mwenyewe."

"Najua," mama akasema. "Huyo nilimzaa, sina la kufanya."

Karani akageukia dirishani, mabega yanamtikisika. Mimi nikashusha mkanda mahali pake.

Chogo halikurudishwa. Fundi alipolichomeka tena, kioo kilitoa moshi mwembamba na harufu ya nywele zilizoungua, basi. Mama alisikia harufu. Akauliza, "Ndiye?" Akabaki ameketi, mikono juu ya magoti, uso umeelekea ukutani ambapo hapakuwa na kitu. Nimejenga, nimenunua, nimezika, nimeshindana na matajiri wa pamba nikawashinda, lakini sijawahi kukosa la kufanya kama dakika ile.

Nikamwambia fundi, "Mkondeshe."

"Nani?"

"Baba. Kama kioo kinamnenepesha, mkondeshe kwanza, ndipo kimnenepeshe afikie alipokuwa."

Fundi akanitazama. Halafu akavuta kiti, akasema hilo linawezekana. Nataka iandikwe kwamba wazo lilikuwa la darasa la nne. Akaifungua picha, akaanza kuibana kutoka pembeni, nami nikamgeuza mama taratibu aelekee kwenye flati.

"Bado," mama akasema. "Hayo mashavu ni ya kaka yake."

Fundi akabana.

"Bado. Huyo amekula nyama leo."

Akabana tena. Ajabu ya kazi yangu ndiyo hiyo: maisha yote nimehangaika nyumbani kwetu pasiwe na mtu mwembamba, na sasa nimesimama namwambia fundi, punguza, punguza, mtoe hilo tumbo. Karani naye ameinama begani kwa fundi: "Shingo, fundi. Shingo bado ni ya mheshimiwa." Kando zote mbili za kioo zikabaki nyeusi, na katikati baba anazidi kuchongoka, koti linaanza kulegea. Maksai akaanza kuonyesha mbavu.

"Hapo," mama akasema. Halafu, "Hapana, umepita. Huyo ni wa mwaka wa njaa. Rudi kidogo."

Fundi akarudi kidogo.

Mama akasogeza kigoda, miguu yake ikikwaruza sakafu. Akanyoosha kidole, akahesabu vifungo kwa kuvigusa kimoja kimoja. Akarudisha mkono mapajani.

"Mwadila," akasema.

Nikawaonyesha fundi na karani mlango, wakatoka. Mimi nilibaki kwenye magunia yangu. Mama alimpa habari zote zilizokuwa zimelimbikizana: ile harusi ilivyokwisha, mtoto wa jirani aliyezaliwa na jino, mpunga. Halafu akainama karibu zaidi, akashusha sauti, ila Kisukuma cha mama hata kikishushwa kinasikika.

"Leo walitaka kunipa kaka yako tena," akamwambia. "Nimemkataa."

Nikatoka nje, nikamwambia mwendesha mashine aizime kwanza, maana kelele zilikuwa zinawaingilia. Wateja wakapiga makelele, wengine wametoka mbali, jua linaondoka, mpunga wao uko katikati. Nikawaambia wakae chini. Mashine ni yangu.