Shangazi Skola Aliponihoji

Usiku ule nililala gauni la sherehe likining'inia mlangoni na neno likiwa limenikwama kooni. Jumamosi ilikuwa kicheni pati ya Editha, sherehe ya wanawake ya kumfunda bibi harusi. Editha ni binti wa kaka yangu Deo, na shangazi mtu ni mimi. Kwetu wazazi hushughulika na pilau na ukumbi; yale ambayo mzazi hawezi kumtamkia mwanawe, shangazi ndiye huyasema. Nilikuwa na la kusema, tena kubwa, na ruhusa ya kulisema sikuwa nayo.

Kazi yangu ni kutafiti saratani. Ujana wangu wote umeishia kwenye nyumba za watu, nikiwauliza habari za mama zao na bibi zao, nikiwatoa damu, nikitafuta ndani yake kwa nini titi la mwanamke huyu limeugua na la jirani yake halikuugua, ilhali wanachota maji bomba moja. Katika baadhi ya koo tulikuta hitilafu kwenye vinasaba, ile inayorithiwa. Si ugonjwa, ila humsogeza mtu karibu na ugonjwa. Wala haichagui mlango wa kupitia: baba humrithisha binti yake sawasawa na mama. Hapo ndipo watu wetu huniona nimesoma mpaka nikapitiliza. Maradhi ya titi, wananiambia, ni mambo ya kikeni, baba anaingiaje?

Deo alipima, akakutwa nayo. "Mimi mwanamume," akasema, "titi la kuugua nalitoa wapi?" Nikamweleza kwamba hata wanaume huugua, ingawa kwa nadra. Nikamtajia Editha. Hapo akakunja uso.

"Wakwe wakilisikia hilo, harusi imekufa. Na wewe dada ulikula kiapo cha kutunza siri za watu. Kitunze."

Alikuwa na haki yake, na ndiyo iliyoniudhi zaidi. Nilizima taa nikiwa nimenuna.

Sijui usingizi ulinichukua saa ngapi. Nilijiona niko kazini, katika chumba chenye majokofu tunamohifadhi damu za watafitiwa. Humo huwa kuna baridi ya kung'ata meno, lakini safari hii palinukia kahawa inayokaangwa. Nikalifungua jokofu kubwa la ukutani. Mvuke ukanipiga usoni, na ndani ya mvuke nasikia kigelegele, kisha kingine. Wanatoka mmoja mmoja, wanawake watu wazima, wamevaa sare ya kitenge cha manjano, wanajipangusa barafu mabegani huku wakicheka. Nawafahamu. Wote walinipa damu yao wakiwa hai, na wote tumeshawazika. Damu yao ndiyo imebaki inanifanyia kazi hadi leo.

Wa mwisho kutoka ni Shangazi Skolastika, dada yake baba, ambaye mji mzima wa Mbinga ulimwita Skola. Tulipoanza utafiti na uvumi ukaenea kwamba tunauza damu za watu, yeye ndiye aliyekuja mbele ya wenzake akakunja mkono wa blauzi. "Chukueni," alisema siku hiyo, "na mkipata mnunuzi mniite nipandishe bei." Watu wakacheka, na foleni ikaanza. Baadaye titi lake mwenyewe likamuua.

Nikapiga goti. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hivi Dafroza, umetuweka kwenye baridi miaka yote hii, hata shuka hujatuletea?"

Wakaangua kicheko, nami nacheka nao, na nikitaka kuomba radhi chumba hakipo tena. Tuko Mbinga, uani kwake. Kahawa imeanikwa kwenye mikeka, jua ndiyo kwanza linatoka, na kioda, ngoma ya wanawake wa kwetu, imekolea. Wamepanga mstari, wanakwenda na kurudi kwa maringo, wamenitia katikati. Mimi kucheza sijui, miguu yangu imezoea kukimbizana na ratiba. Lakini nacheza, na mwili umekuwa mwepesi. Katika utafiti hatuandiki majina yao, tunawapa namba, na kwa namba hizo nimeishi nao. Sasa kila anayepita mbele yangu ananitajia jina lake kwa sauti: Kornelia! Oliva! Mama Tadei! Nawaitikia kwa vigelegele. Niseme ukweli, sijawahi kufurahi hivyo nikiwa macho.

Shangazi akanivuta nje ya mstari, akanikalisha kwenye kigoda. Akaushika mkono wangu, akaufunga kipande cha kitenge juu ya kiwiko, barabara kabisa, kama nilivyozoea kuwafunga wao mpira. Kisha akakohoa kidogo, akaanza kwa sauti ya ofisini:

"Kushiriki ni hiari yako. Unaweza kukataa kujibu swali lolote, na hakuna atakayekunyima matibabu."

Maneno hayo ni yangu. Nimeyasoma mbele ya watu mpaka nayasema bila kuyafikiria, na mbele yake niliyasoma siku ile ya blauzi. Kumbe aliyashika neno kwa neno akaenda nayo.

"Majibu yako yatakuwa siri," akaendelea, akageuka kuwatazama wacheza ngoma ua mzima, "kati yangu na wewe na hawa."

Vicheko vikaruka mpaka ng'ambo ya mibuni. Mmoja alikaa chini kabisa, akajipigapiga mapaja.

"Wewe ni shangazi wa nani?"

"Wa Editha."

"Una neno la kumwambia?"

"Ninalo, shangazi. Lakini ni la Deo, si langu. Nimefungwa mdomo."

Nilitegemea atanigombeza. Badala yake akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mwalimu aliyepata jibu alilolitaka.

"La Deo mwachie Deo. Hapo umenena." Akaniinamia. "Na la kwako liko wapi?"

Ngoma ikanyamaza. Nasikia kahawa ikipasukapasuka juani.

Hapo niwaeleze jambo ambalo alilijua marehemu na walio hai hawakulijua. Mimi nami nilipima, zamani, kabla hata ya Deo, na hitilafu hiyo ninayo. Kila mwaka naenda kukaguliwa matiti, naambiwa niko salama, navaa blauzi yangu narudi kazini. Sikumwambia mtu. Niliona ni jambo langu na daktari wangu, basi. Na siku zote hizo nilizokosa usingizi kwa siri ya kaka yangu, haikunipitia akilini kwamba siri yangu mimi haina kiapo. Editha akijua kwamba shangazi yake anayo, atajua pia kwamba huenda imemfikia naye, na uamuzi wa kupima utakuwa wake. Deo sitamgusa. Nilijiona mjinga, lakini mjinga mwenye furaha, aliyekuwa anatafuta miwani huku ameivaa.

"Nikisema, shangazi, wakwe si watakimbia?"

"Mwanamume wa kukimbia," akasema, "akimbie kabla hatujapika pilau."

Loo, walivyolipokea hilo! Ngoma ililia tena, mikeka ikakanyagwa, kahawa ikatimka. Shangazi peke yake hakucheka. Alinifungua kitambaa mkononi taratibu, akakikunja, akakishika.

"Mimi niliugundua uvimbe najipaka mafuta. Ulishakuwa kama ndimu. Hakuna aliyenitangulia kuniambia, Dafroza, kwa sababu hakuna aliyekuwa anajua. Wewe ulijua mapema, ndiyo maana leo una mashavu." Akanifinya shavu, nikasikia maumivu kweli. "Mficha uchi hazai. Sema lako."

Nataka kumkumbatia, na mikono yangu inakuta tuko ukumbini. Editha ameketi kwenye kiti kilichotandikwa khanga, amefunikwa uso. Wanawake wa kitenge cha manjano wanaingia wakicheza, kila mmoja na zawadi kichwani, huyu sufuria, huyu kinu, huyu beseni. Wanaziweka miguuni pake na kumbusu paji la uso juu ya khanga. Shangazi Skola hana zawadi yoyote. Anapita nyuma ya kiti, ananitazama, ananipisha njia. Nakwenda. Nainua khanga, na msichana ananitazama kwa macho ya Deo, anangoja.

Nikaamka nikicheka kwa sauti. Mto ulikuwa umelowa, shavu linawasha, na nje majirani walikuwa wameshaanza kufagia. Nilikaa kitandani nikilirudia lile neno nililopewa, sema lako, nikiogopa lisije likayeyuka kama ndoto nyingine. Halikuyeyuka. Nikampigia Editha kabla hata ya kunawa uso.

Kwetu simu ya alfajiri ni ya msiba. Aliipokea akiwa anahema.

"Shangazi, shikamoo. Nani amefariki?"

"Marahaba, mwanangu. Hakuna aliyefariki," nikamwambia. "Wote hawajambo. Nina habari ya mwili wangu mimi. Kaa kitako nikueleze."