Sardini za Wageni

Baba yangu alikuwa anakonda huku kabati lake limejaa samaki. Naanza na hilo ili mtu asije akaniambia nina hasira za bure.

Alikuwa fundi cherehani pale Kamembe, juu kidogo ya soko, na kanzu zake zilivaliwa mpaka ng'ambo. Mama alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Mimi nilikuwa nimeolewa Bukavu, nauza vitenge, na kila Jumamosi navuka daraja la mpakani kuja kumwona. Mvua moja ikamtelezesha kwenye ngazi za msikiti, akavunjika mguu. Plasta ilipotolewa, mguu uliotoka mle ndani haukuwa wake. Ulikuwa mwembamba, unatetemeka, hauwezi kukanyaga cherehani hata mshono mmoja. Basi akawa anakaa kitini tangu asubuhi, anaitazama ile mashine. Niliogopa sana. Baba bila cherehani sikumjua.

Muuguzi wa kituo cha afya aliniita pembeni akaniuliza Mzee anakula nini. Nikamwambia bugali na sombe, majani ya muhogo anayopikiwa na jirani. Akaguna. Akasema mfupa unaojiunga unataka chokaa, ile kalsiamu, na mguu uliokonda unataka protini. Apewe sambaza, vile visamaki vya ziwani, azile nzima nzima. Nikamjibu ziwa limefungwa ili samaki wazaliane, sambaza sokoni hakuna.

"Basi mpe sardini za kopo," akasema. "Mle ndani mfupa umeiva mpaka umelainika, anautafuna bila kujua, na chokaa yote iko humo. Mafuta nayo msiyamwage, ale na bugali. Halafu asimame na kuketi, asimame na kuketi, kila siku."

Dawa gani rahisi kuliko hiyo? Jumamosi iliyofuata nikaja na mfuko wa makopo. Darajani moja likanidondoka, likabonyea ubavuni. Baba akayapokea kwa mikono miwili, akayapanga kabatini nyuma ya kioo, pamoja na vile vikombe vya mama ambavyo hakuna aliyewahi kuvinywea.

"Aksanti, mama," akaniambia. "Bageni banakuya mingi siku hizi."

Sikutilia maanani. Nilikuwa nawahi daraja lisije likafungwa.

Wiki ile nyingine nikamkuta amekonda zaidi. Kumbe ndugu wa msikitini walikuwa wanakuja kumpa pole, na kila aliyekuja alifunguliwa kopo! Wanaume wazima, wana miguu yao miwili, wananyanyuka na kuinama bila kushika ukuta, ndio wanaokula chokaa ya baba yangu. Na walikula vizuri, nilielezwa.

"Na wewe, Papa?"

"Mi nilikula sombe. Ile ya bwate ni ya bageni, si unajua?"

Nilijua. Kwetu bwate, yaani kopo la sardini, halikuwa chakula, lilikuwa heshima. Tulipokuwa watoto tulisimama kwenye pazia tukimwangalia mgeni akila, tukiomba Mungu ashibe mapema, halafu tukagombea kulifuta kopo kwa kipande cha mkate. Mwenye nyumba hakuonja. Ukila cha mgeni, mgeni akija utamwekea nini? Baba alilelewa hivyo akatulea hivyo. Lakini jamani, heshima nayo si ina kipimo?

Nikamfokea. Ndiyo, nilimfokea baba yangu, Mungu anisamehe. Nikamwambia yale makopo ni dawa ya mguu, tena mafuta yake ndiyo usiseme. Akasikiliza, akaitikia, "Sawa, nimeelewa." Nikarudi Bukavu moyo umetulia.

Jumamosi nikafungua mlango nikapokewa na harufu. Paka watatu wako chini ya kiti chake. Baba amekunja suruali mpaka gotini, mguu unang'aa kwa mafuta ya sardini, anausugua.

"Hii njo dawa yako," akasema, amefurahi kabisa. "Asubuhi na mangaribi."

Nilikaa kwenye jiwe pale nje nisijue nicheke au nilie. Nikacheka, halafu nikalia. Alipomaliza kusugua akaniita ndani nile. Mezani pana sahani ya samaki, imepambwa kwa vitunguu, nyama tupu. Mifupa ameitoa mmoja mmoja kwa sindano ya kushonea, kwa sababu mgeni hapewi mifupa. Paka ndio walioila. Na pembeni ya sahani liko kopo lenyewe, limebonyea ubavuni.

Lile langu. Lile nililolidondosha darajani.

"Papa, hii nilikuletea wewe!"

"Na mi nilikuwekea weye. Umevuka daraja na jua, nikupe sombe?"

Hapo ndipo nilipochoka kweli kweli. Kumbe mgeni mkubwa kuliko wote wa msikitini nilikuwa mimi. Nabeba samaki kutoka Bukavu, nakuja kuwala mwenyewe, narudi nimeshiba, namwacha na njaa yake. Ningeleta hata gunia ingekuwa yale yale.

Nikampigia simu mume wangu nikamwambia watoto wale kwa shangazi yao, mimi leo sirudi. Usiku ule baba akanipa kitanda chake, akalala kwenye mkeka. Nikabisha mpaka sauti ikakauka. Kesho yake akafungua kopo jingine, akaniwekea mimi, nami sikuligusa. Tukanuniana mchana kutwa, tumewekeana sahani katikati, paka wakitungoja.

Siku ya tatu nikaamka kabla yake, nikafunga kitenge kiunoni, nikamwamsha.

"Papa, mgeni siku mbili. Leo ni ya tatu. Jembe liko wapi?"

Msemo huo ni wake. Aliwaambia wajomba waliokaa sana, akawaambia binamu, na hakuna aliyewahi kumpinga. Akaonyesha nyuma ya mlango.

Nikalima nyuma ya nyumba mpaka viganja vikawaka, nikapanda mchicha wa lengalenga. Nikarudi na matope yangu, nikaingia jikoni bila kuomba ruhusa. Nikafungua kopo, nikaponda samaki na mifupa yake pamoja na nyanya, nikamimina mafuta yote, nikamwekea na bugali sahani moja tu, mbele yake.

Akaiangalia. "Na mugeni?"

"Mgeni amesharudi Bukavu. Mimi ni mtu wa hapa."

Akanawa mikono. Akasema bismillahi, akala. Sikuondoa macho yangu mpaka alipofuta sahani kwa tonge la mwisho.

Tangu hapo kila Jumamosi nilifika, nikalima kwanza, nikapika, akala, akasimama na kuketi huku nikimsimamia na yeye akinung'unika. Katikati ya wiki, jirani aliyekuwa akimpikia alishika amri yangu. Sisemi ni sardini peke yake zilizoujaza ule mguu. Miezi ikapita.

Halafu asubuhi moja, nikiwa bado barabarani, nikaisikia cherehani. Ilikwenda kidogo, ikasimama, ikaenda tena. Nikasimama mlangoni.

"Hodi!" nikaita.

Hakusema karibu. Mashine haikusimama.

"Jembe liko nyuma ya mulango," akajibu.