Maji Hayapigiwi Kura

Zuwena Mtoro alikuwa mwalimu wa Uraia katika shule moja ya sekondari upande wa Zinga, na wanafunzi wake walimwogopa kidogo. Hawakuogopa fimbo yake, maana hakuwa nayo. Walichoogopa ni desturi yake ya kuuliza swali kisha kukaa kimya mpaka mtu ajibu. Walimu wenzake walikuwa wakisema ukipita nje ya darasa la Zuwena unaweza kudhani wanafunzi wameshatoka.

Hakuwa na ndoto ya ualimu tangu utotoni. Alitaka kuwa muuguzi. Kilichomgeuza ni jambo lililompata baba yake, Mzee Mtoro, aliyekuwa na shamba la minazi na mihogo katika kijiji kisicho mbali na Mapinga. Wakati huo watu wa mjini walikuwa wameanza kuja kutafuta viwanja, na kila wiki gari geni lilionekana likizunguka mashambani. Mzee Mtoro akaugua tumbo, akalazwa hospitali, akafanyiwa upasuaji. Akiwa huko huko kitandani, mkutano wa kijiji uliitishwa, watu wakanyoosha mikono, ikapitishwa kwamba eneo la juu ligawiwe viwanja. Ndani ya eneo hilo lilikuwamo shamba lake.

Aliporudi nyumbani alikuta mawe ya mipaka yameshachimbiwa katikati ya minazi. Akaenda kuuliza. Akajibiwa kwa upole kabisa, "Mzee Mtoro, mkutano ndio uliamua. Wengi walikubali." Fidia alipewa, na hakuna aliyemtukana wala kumsukuma. Lakini tangu siku hiyo mpaka alipofariki, jambo hilo likitajwa, alikuwa na neno moja tu: "Hawakuniita."

Zuwena alikuwa kidato cha pili. Wiki ile ile alikuwa amefanya mtihani ulioulizia maana ya demokrasia, naye akajibu kwamba ni uamuzi wa walio wengi, akapata alama zote. Jioni akarudi nyumbani akamkuta baba yake amekaa barazani, ameligeuzia shamba mgongo. Akahisi kwamba alichokiandika ni kweli, lakini kuna kitu kimepungua, na mwalimu wake hakuwa amemwambia ni kitu gani.

Alipokuja kuwa mwalimu yeye mwenyewe, aliona wanafunzi wake wanafanya kama alivyofanya yeye. Somo lilifundishwa kwa Kiingereza, nao walikariri maana ya haki na katiba kama mtu anavyokariri kanuni ya hesabu, wakayamwaga kwenye karatasi ya mtihani, wakayasahau. Alijaribu kueleza kwa Kiswahili, akatoa mifano ya bunge na mahakama. Walisikiliza kwa adabu. Hakuna kilichowagusa.

Kisha ukaja mwaka ambao mvua za vuli hazikunyesha vizuri. Bomba la shule likakauka, na mkuu wa shule akaagiza kila darasa lipewe tangi dogo lenye koki, wanafunzi wachote maji kisimani ng'ambo ya barabara, walijaze wenyewe na walitunze wenyewe. Siku tangi la kidato cha tatu lilipowekwa nje ya darasa, Zuwena aliingia bila kitabu.

"Mmepewa nchi," akasema. "Itengenezeeni serikali."

Akakaa kimya.

Wa kwanza kusimama alikuwa Najim, kijana mwenye mabega mapana, mchangamfu, ambaye alikuwa akibeba madumu mawili kwa mara moja na kuwatania wanaobeba moja. "Anayechota anywe," akasema. "Asiyechota asinywe. Hiyo ndiyo haki." Darasa likamshangilia. Mikono ikaanza kunyooshwa hata kabla ya mtu kuomba kura.

Nyuma kabisa alisimama Hajra, msichana ambaye mguu wake mmoja ulikuwa umelemaa tangu utotoni. Alizungumza taratibu, kama anayefikiri kwa sauti. "Mimi siwezi kubeba dumu mpaka kisimani. Tukipiga kura mimi nitashindwa, hilo najua. Sasa nataka kuuliza. Nikishindwa, nisinywe?"

Hakuna aliyecheka. Kipindi kiliisha hawajamjibu. Waliendelea siku ya pili na ya tatu, wakabishana, wakakasirikiana, wakapatana. Mwishowe walikubaliana kuwa na kiongozi atakayechaguliwa kwa kura ya siri kila muhula. Wakakubaliana kwamba mtu hataadhibiwa kabla ya kusikilizwa. Na wakaongeza sheria waliyosema haitabadilishwa na yeyote, hata wote wakitaka: maji ya kunywa hayapigiwi kura. Hajra alipewa kazi ya kusafisha tangi na vikombe, naye akaifanya vizuri kuliko walivyotarajia.

Kwenye uchaguzi walisimama wawili, Najim na Jasmin. Jasmin alikuwa msichana mkimya, mtoto wa muuza samaki wa kukaanga, mtu ambaye usingemwona kama hujamtafuta. Wengi walidhani Najim ameshapita. Kura zilipohesabiwa, Jasmin alishinda kwa kura chache. Najim akampa mkono, akatabasamu, akarudi kukaa.

Jumatatu iliyofuata walikuta koki imevunjika na maji yote yamenywewa na mchanga.

Mwalimu wa nidhamu, Mwalimu Ashrafu, aliwaita wote mstarini. Alikuwa mtu mzima, amefundisha kwa miaka mingi, na hakupenda mambo yacheleweshwe. Alikuwa ameambiwa kwamba Ijumaa, wenzake wakiwa wameshaondoka, Najim alionekana karibu na tangi. Akasema Najim atarudishwa nyumbani leo leo, na waliobaki watachapwa ili wajifunze kulinda mali ya shule.

Jasmin akatoka mstarini. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini ilisikika. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Tunaomba Najim asikilizwe kwanza. Na sisi pia, kama tuna kosa, tuambiwe ni lipi."

Mwalimu Ashrafu akamkazia macho. "Nani amekufundisha maneno hayo?"

Jibu kila mtu alilijua. Saa ya mapumziko Zuwena aliitwa ofisini kwa mkuu wa shule. Mwalimu Ashrafu alikuwa ameshakaa.

"Mimi sina ugomvi nawe, Mwalimu Zuwena," alianza Ashrafu. "Lakini niliwahi kufundisha shule ya bweni. Tulichelewa kuadhibu mmoja, tukawa tunajadiliana, na kabla hatujamaliza mjadala bweni liliwaka moto. Mtoto akijua unasita, umekwisha."

Mkuu wa shule akamgeukia Zuwena. "Una uhakika kijana huyu hana kosa?"

"Sina uhakika, Mkuu."

"Sasa unamtetea kwa lipi?"

"Simtetei yeye," akasema Zuwena. "Natetea aitwe. Aulizwe, ajibu. Baada ya hapo, kama ni adhabu, apewe."

Mkuu wa shule akasema watoto wafanye hicho kikao chao mchana, Mwalimu Ashrafu awepo, na jambo liishe siku hiyo hiyo.

Darasa liliingia kwenye kikao likiwa na furaha ya chini kwa chini. Walijiona wameshinda. Wengi waliamini kwa dhati kwamba mwenzao amesingiziwa, na walikuwa wakisubiri kumwona Mwalimu Ashrafu akiaibika. Jasmin alisimama mbele, Najim akasimama pembeni yake. Zuwena na Ashrafu walikaa nyuma.

"Najim," Jasmin akamuuliza, "Ijumaa ulikuwa pale tangini?"

"Nilikuwepo."

"Ulifanya nini?"

Najim akatazama sakafu. Jasmin hakuongeza neno. Alikuwa amejifunza kwa mwalimu wake kwamba swali likishaulizwa, huachwa lifanye kazi yake. Darasa zima likasubiri, mpaka wengine wakaanza kugeuza macho.

"Niliipiga teke ile koki," Najim akasema hatimaye. "Nikaipiga tena. Mlinicheka."

"Nani alikucheka?"

"Wote. Mlipotangaza kura." Akapangusa uso. "Labda hamkunicheka. Mimi niliona mnanicheka."

Furaha iliyokuwamo chumbani iligeuka ghafla. Hasira ya watu waliomtetea mtu kisha wakamkuta na kosa ni kali kuliko ya wale waliomshuku tangu mwanzo. Kijana mmoja alisimama akasema kwa sababu yake wote nusura wachapwe. Mwingine akasema wameshinda na kiu tangu asubuhi. Ndipo mmoja akatoa hoja kwamba Najim asinywe maji ya darasa mpaka muhula uishe, aone inavyokuwa. "Wanaokubali?" akauliza, bila hata kumsubiri Jasmin.

Mikono ikanyooka, karibu yote. Wa Hajra ulikuwamo.

Zuwena, kule nyuma, aliiona ikinyooka. Hakuwa ameuona mkutano ulioamua shamba la baba yake. Kwa miaka yote alikuwa akiifikiria ile mikono, na katika fikra zake ilikuwa mikono ya watu wabaya, watu wa choyo. Sasa alikuwa akiitazama mikono ya watoto anaowapenda, yenye wino na chaki, mmoja una bangili ya ushanga. Ilikuwa imenyooshwa kwa moyo safi kabisa. Ilimhuzunisha zaidi kuliko kama ingekuwa mikono ya watu wabaya.

Alitaka kusimama aseme. Mwalimu Ashrafu alimtazama, akingoja afanye hivyo. Zuwena akabana mikono yake mapajani, maana kiti cha mbele hakikuwa chake.

"Kura hii si halali," Jasmin akasema.

Zogo likaanza. "Sheria tulitunga wenyewe, tunaweza kuibadilisha," akasema yule mtoa hoja.

"Nyingine tunaweza. Hii tulisema haibadilishwi hata wote tukitaka."

"Tulisema kwa ajili ya Hajra. Najim si Hajra."

Jasmin akageuka kumtazama Hajra, macho yakimjaa machozi. Hajra akaushusha mkono wake taratibu, akauweka juu ya dawati, akautazama kama si wake. Kisha ukashuka mwingine, na mwingine. Haikushuka yote. Wapo walioiacha juu mpaka mwisho, wakimtazama Jasmin usoni.

"Atakunywa," Jasmin akasema. "Adhabu tutafute nyingine."

Waliamua Najim aitengeneze koki akisaidiwa na mjomba wake aliyekuwa fundi bomba, na kwa majuma yaliyobaki ya muhula abebe maji zamu yake na zamu ya Hajra. Najim alikubali bila kuinua uso.

Nje, Mwalimu Ashrafu alitembea na Zuwena mpaka kwenye ofisi ya walimu. "Ningemchapa asubuhi, yangekwisha asubuhi," akasema. "Wewe umetumia kutwa nzima, na kosa likawa lake vilevile."

"Ni kweli, Mwalimu."

Ashrafu akaenda hatua kadhaa. Halafu akasimama. "Lakini hakusema uongo. Mimi wanafunzi hunidanganya. Tangu nianze kazi hii, hunidanganya." Alilisema kama mtu anayeeleza ugonjwa wake, akaingia ndani.

Fimbo hakuiacha. Shule haikubadilika kwa sababu ya kikao kimoja, na kidato cha nne wenye tangi la jirani waliendelea kugawana maji kwa ubabe. Lakini kila kosa lilipotokea katika darasa la Zuwena, Mwalimu Ashrafu alikuwa akisimama mlangoni na kusema, "Haya, muulizeni kwanza," kisha anasubiri, mikono nyuma.

Muhula mpya ulipoanza, uchaguzi ulifanyika tena kama walivyokubaliana. Jasmin aligombea, akashindwa vibaya. Aliyemshinda ni yule yule aliyetoa hoja ya kumnyima Najim maji. Najim alimpigia nani, hakuna ajuaye, na Zuwena hakuuliza, kwani kura ilikuwa ya siri.

Mchana ule Jasmin alibaki darasani wenzake walipotoka. Alikuwa akifuta ubao ambao ulikuwa umeshafutwa.

"Mwalimu, nilikosea siku ile?"

"Hukukosea."

"Basi mbona wameninyima?"

Zuwena alivuta kiti akakaa. Angeweza kumwambia kwamba watu watakuja kumwelewa siku moja, ila hakuwa na hakika na hilo, na hakupenda kuwaambia watoto jambo asilolijua. "Kukunyima kura ni haki yao," akasema. "Uliilinda ya Najim. Hii nayo ni yao."

"Inauma."

"Najua, mwanangu."

Jasmin akaweka kifutio chini. Alilia kidogo, bila sauti, kisha akajifuta uso kwa ncha ya ushungi wake. Adhana ya alasiri ilikuwa imeanza. Zuwena hakumharakisha. Alikaa naye mpaka alipokuwa tayari kutoka, kisha wakatoka pamoja, wakampita kiongozi mpya aliyekuwa amesimama kando ya tangi akiwapangia wenzake zamu za kesho kwa sauti kubwa mno, kama mtu ambaye bado hajaamini kwamba atasikilizwa. Jasmin alipofika usawa wake alisimama, akamweleza kwamba koki ile hukwama ukiifunga kwa nguvu, na kwamba ni vizuri kumwachia Hajra aifunge. Kijana akamsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru.