Rupia ya Wanjira Haikupikwa

Saa tatu asubuhi, Mtaa wa Biashara, katikati ya Nairobi. Everlyn Namalwa anafungua mwavuli wake, anapangusa meza ndogo kwa kiganja na kutandaza kitambaa cheusi. Juu yake anapanga senti kumi zenye tundu na shilingi za mkoloni zenye simba. Katikati, kama bibi harusi na mpambe wake, anaweka rupia mbili za fedha zilizoiva rangi ya dhahabu, zambarau na buluu.

Mbele ya moja kuna kadi: HII NIMEPIKA. Mbele ya nyingine: HII SIJAPIKA NA SITAPIKA.

"Wasome wenyewe," anasema akivuta stuli. "Mimi nimechoka kuapa."

Namalwa, 58, mzaliwa wa Bungoma na mkazi wa mtaa wa Satellite, ameuza sarafu za zamani kwa miaka kumi na saba. Mwezi mzuri humpa shilingi elfu thelathini. Mwezi mbaya, anasema, humpa maswali tu.

Kabla ya hapo aliuza mayai boilo kwenye kona hiyo hiyo, ndoo moja na kachumbari. Siku moja mteja aliyekula bila pesa alimwachia shilingi ya mkoloni. Namalwa aliitumbukiza kwenye ndoo ya mayai akaisahau hadi kesho yake. Ilitoka inang'aa rangi kama shingo ya njiwa, na mpita njia mmoja akainunua kwa shilingi mia nne.

"Nilidhani ni uzee umeiva. Nikasema, kumbe hii ndoo imebarikiwa."

Wiki nzima aliogesha sarafu humo, mpaka wateja wakalalamika kwamba mayai yana ladha ya Mfalme George.

Aliyemkanya ni Waceke, mwalimu mstaafu ambaye leo ni mwenyekiti wa chama cha wakusanyaji sarafu. Alimweleza kwamba yai lililochemshwa hutoa salfa, na salfa hiyo huipa fedha kwa muda mfupi rangi ambayo sanduku huipa kwa miaka hamsini. Kuna rangi ya kukaa na kuna rangi ya kupikwa, na anayeuza ya pili kwa jina la kwanza ni mwizi. Namalwa aliacha siku hiyo hiyo. Kisa chenyewe alikisimulia kwa kila mtu, akicheka.

Mwezi Februari kisa hicho kilimrudi. Alikuwa amemuuzia wakili Masila wa Loresho rupia ya mwaka 1912 kwa shilingi elfu tisa. Wiki mbili baadaye wakili alisimama mbele ya meza.

"Mama Janice," alisema, akimwita kwa jina la bintiye, "hii umepika."

"Wakili, sijapika."

"Si wewe ndiye mama mayai? Kila mtu anajua hiyo stori. Wewe mwenyewe ndio unaisema."

Kufikia jioni picha ya rupia ilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la chama, na neno TAHADHARI juu yake. Namalwa aliondolewa kwenye kundi. Meza yake ya soko la kila mwezi, katika ukumbi mmoja wa Muthangari, akapewa muuza stempu.

"Pesa yake nilimrudishia saa hiyo hiyo," anasema. "Jina langu yeye hakunirudishia."

Marafiki walimshauri aombe msamaha yaishe.

"Niombe msamaha wa kitu sijafanya? Hiyo sasa ndiyo ingekuwa kupika."

Rupia ilitoka kwa jirani yake wa Satellite, Haron Kiarie, 81. Babu yake alilipwa hiyo rupia kwa kubeba mizigo ya jeshi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wanjira, mama yake Haron, aliifunga fundo kwenye pembe ya kitambaa cha pamba na kukiweka kwenye sanduku la bati. Halikufunguliwa hadi mwaka jana, paa la mzee lilipoanza kuvuja akahitaji pesa. Hapo ndipo Namalwa alipofanya kosa linalomfanya mpaka leo ajipige paja: alifungua fundo, akachukua sarafu, akaacha kitambaa.

"Nilinunua pesa nikaacha shahidi," anasema.

Alirudi kwa mzee. Kitambaa kilikuwa bado sandukuni.

"Hiyo nguo haitoki kwa hii nyumba bila mimi," mzee alimwambia.

"Basi vaa koti, Mzee. Twende."

Jumamosi ya mwisho ya Machi waliingia ukumbini Muthangari, mzee na koti lake, Namalwa na ndoo yake. Waceke alimwahi mlangoni kumweleza kwamba hana meza.

"Sijakuja kuuza, Mwalimu. Nimekuja kupika."

Alitoa rupia nyingine, nyeupe, akamkabidhi Masila aikague. Kisha alimenya yai la moto, akaliponda ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na ile rupia, akafunga na kuomba chai. Kikombe cha pili kilipoisha, rupia ilikuwa na rangi ya samli. Kufikia cha nne ilikuwa buluu na zambarau, na wanaojua ukumbi ule wanasema ndiyo siku ya kwanza mandazi kubaki.

"Sasa shika kioo cha kukuza, Mwalimu," alisema.

Kwenye rupia ya yai, rangi ilikuwa imemwagika juu ya kila kitu, herufi na mikwaruzo, kama petroli juu ya dimbwi. Kwenye rupia ya Wanjira ilianzia ukingoni na kuingia ndani taratibu, pete baada ya pete, na kila herufi ilikuwa imezungukwa na weupe mwembamba.

Ndipo mzee Kiarie alipokunjua kitambaa. Pembeni palikuwa na kivuli cha duara. Waceke aliweka rupia juu yake. Mistari myembamba ndani ya rangi ililingana na nyuzi, na mchirizi mweupe shingoni mwa mfalme ukakaa sawasawa juu ya mkunjo wa nguo.

Masila aliinama na kioo muda mrefu. "Nguo pia inaweza kupikwa," alisema.

"Kijana," mzee Kiarie alisema, "hii ni nguo ya mamangu. Hebu rudia polepole."

Wakili aliomba kuinunua tena ile rupia.

"Ulikuwa nayo, ukairudisha," Namalwa alimjibu. "Kwako haiuzwi."

Siku hiyo hiyo chama kilimpa meza yake. Ameikataa. Anataka Masila aandike kwamba alikosea, kwenye kundi lile lile alikoandika TAHADHARI. Miezi mitatu imepita na wakili hajaandika.

Mipango anayo. Anatafuta chumba kidogo chenye kabati la vioo, ambapo kila mnunuzi atafundishwa kutofautisha rangi hizo mbili kabla ya kutoa pesa. Kwa sasa anafundishia mwavulini. Anafunika kadi, mteja anabahatisha, na anayekosea ananunua yai. Ndoo iko chini ya meza, mbali na sarafu.

Juzi Masila alipita upande wa pili wa mtaa, akapunguza mwendo na kutazama kadi.

"Mayai bado yako moto, wakili," Namalwa alimwita.

Alikaza mwendo. Namalwa akageuza rupia ya Wanjira ili mchirizi mweupe uonekane kutoka barabarani.

"Atavuka tu," anasema. "Hii ilingoja miaka mia moja kwa fundo. Mimi nina mwavuli."