Deni Ambalo Majirani Walilikana

Mimi si mtu wa kutoka nyumbani. Hata ukarani wa masjala ya siri niliuomba kwa sababu niliambiwa karani hukaa ndani siku nzima, mlango umefungwa. Kwa mtu wa kidato cha nne mwenye tabia za kuku anayeatamia, hiyo ni pepo. Ila mafaili ya siri hayashikwi mpaka upekuliwe, yaani serikali ichunguze maisha yako, na fomu iliuliza madeni yote, hata yaliyokwisha.

Niliandika ukweli. Nilikopa kwa bibi, jirani yetu hapa Mandewa, nikanunua vifaranga, ugonjwa wa mdondo ukawamaliza. Nilimzungusha miaka miwili, mwisho nikamlipa magunia matatu ya alizeti.

Mpekuzi alipita kwanza kwa balozi wa nyumba kumi na kwa majirani, bibi akiwemo. Kisha akaja kwangu.

"Wote wanasema hujawahi kudaiwa, hata na muuza chumvi," alisema. "Anayebuni deni dogo mara nyingi anaficha kubwa. Unaficha nini?"

Walikuwa wamenisitiri. Kwetu mtoto wa jirani haanikwi mbele ya mgeni mwenye daftari, na sasa ukarimu wao ulikuwa unaninyima kazi. Nikamsihi turudi kwa bibi.

Tulimkuta anapepeta uwele. Baada ya shikamoo nikamwomba aseme kuhusu vifaranga. Akaniuliza kwa Kinyaturu kama huyu bwana amenitisha. Mpekuzi akasema tuzungumze Kiswahili, kalamu yake ikaandika kitu.

"Huyu hajala shilingi yangu," bibi alimwambia, macho makavu kabisa.

"Bibi, nakuomba uniaibishe. Ukinisitiri tena, kazi imekwenda."

Akaweka ungo chini.

"Basi andika, baba."

Akasema yote. Vifaranga, miaka miwili, magunia matatu. Hapo ningetosheka, lakini bibi akishaanza hasimami. Akasimulia siku aliyokuja kudai nikajifungia, nikaingia chini ya kitanda, naye akakaa mlangoni akichambua mlenda mpaka mchana, akinisikiliza ninavyopiga chafya.

Mpekuzi akalinganisha na fomu. "Ya kitandani hukuandika."

Nikamwambia nafasi ilikuwa ndogo. Hakucheka. Akamuuliza bibi kwa nini alimdanganya asubuhi.

"Wewe ni mgeni. Aibu yake nilikuwa nimeitunza vizuri."

Mpekuzi akafunga daftari, akasema hakuna tatizo kwa deni lililolipwa na kuandikwa, barua itakuja. Ilikuja baada ya miezi miwili, nimepata kazi. Bibi nilimpelekea sukari na habari. Sukari aliipokea.

"Hongera," alisema. "Ila umenifanya mchongezi na uzee huu. Hilo sijalisamehe bado."