Adhuhuri Walipomkatiza Mama

Vumbi la chaki lina harufu yake, kavu, ya kukereketa puani, na kila ninapoinusa narudi Kariakoo, kwenye baraza ya jirani yetu Mzee Pazi, msimu ule watu wazima walipohimizwa wote wajue kusoma. Nilikuwa na miaka tisa. Baada ya swala ya alasiri wanafunzi walikuja na mikeka yao, wanaume upande wa mlango, wanawake upande wa dirisha, na mimi nyuma ya mama nikimpakata mdogo wangu. Baba, fundi wa karakana ya reli mtaa wa Gerezani, alisoma Kurani vizuri, lakini herufi za Kiswahili hakuzijua. Mama naye hakuzijua. Alichotaka ni kimoja tu: kusoma mwenyewe barua za dada yake aliyekuwa Lindi.

Siku moja Mwalimu Tausi, binti mdogo mwenye sauti ya upole, aliandika neno KAZI ubaoni, akamwomba kila mmoja ataje kazi zake tangu alfajiri ili yeye mwalimu aziandike. Baba alitaja karakana, akamaliza. Mama akaanza: kuamka kabla ya adhana, kuwasha mkaa, foleni ya bomba, kuogesha watoto, kufua, foleni ya unga dukani, kupika. Alipofika adhuhuri Mzee Pazi akapaza sauti, “Mama Zuhura, tuhurumie, ubao umejaa!” Baraza zima likacheka. Mwalimu hakucheka. Aliuliza, “Nani aliyepanga kwamba zote hizi ziwe za mama?”

Baba alisimama. “Mwalimu, mimi si mlevi. Sijawahi kumwinulia mkono mke wangu. Unga na sukari havijakosekana kwangu. Nimekosa nini?”

“Baba Zuhura, sijakutaja wewe.”

“Mbona basi wananicheka mimi?”

“Kesho watatuvisha kanga hawa!” akadakia Mzee Pazi, na wanaume wakamuunga mkono. Baba akakunja mkeka. Mama akamfuata, nami nyuma yao.

Chumbani baba alisema hakuna tena kwenda darasani. Alivyofunzwa yeye, nyumba ya Mwislamu ni sitara, na mambo ya ndani hayaanikwi barazani. Mama alikuwa akichambua mchele. Hakuinua uso. “Barua za dada yangu zote husomwa na Mzee Pazi, kwa sauti, watu wanakunywa kahawa. Alipoachika walijua wao kabla yangu. Sitara ipi imebaki, Baba Zuhura?”

Siku sita baba alikwenda kazini na kurudi, akaswali, akala, akakaa na tasbihi mkononi kwa muda mrefu kuliko kawaida. Mama alipita barazani bila kugeuza shingo kutazama ubao. Ijumaa, baada ya alasiri, baba alichukua mkeka akasema, “Jitande, tutachelewa.” Wanaume walipomwona wakaanza utani wao, yeye akabaki wima. “Mwalimu, siku ile tulimkatiza mke wangu amefika adhuhuri. Amalizie.” Mama akamalizia, pole pole, hadi wakati wa kulala, na safari hii hakuna aliyecheka. Miezi kadhaa baadaye barua ikaja kutoka Lindi. Mama aliisoma kitandani, midomo ikichezacheza, akaikunja, akaiweka kifuani. Baba alisubiri, na hakuambiwa kilichoandikwa.

Wote wawili wameshatangulia mbele ya haki, na pale tulipoishi pamesimama ghorofa la maduka. Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa wanangu, wenye elimu ambayo wazazi wangu hawakuiota. Idi iliyopita mjukuu wangu wa kike alizungumzia mfumo dume mezani, na kabla hajamaliza sentensi wanangu wa kiume walishaanza: mbona wanaume tunaandamwa, mbona sisi hatuko hivyo. Ni kweli, hawako hivyo, hata baba yangu hakuwa hivyo. Binti akarudi kwenye pilau yake, na mazungumzo yakahamia kwenye mpira. Nilitazama viti vyote vile nikamtamani baba yangu, na aibu yake na hasira yake, nikatamani aketi nasi hapo walau kwa mlo mmoja, kwa sababu najua angemgeukia yule mtoto na kumwambia aendelee.