Maji Yaliyokataa Kuingia Mferejini Mwangu

Siku Bwana Shamba alipopanda kutoka Same kuja kuuona mfereji wangu, maji yalikataa kuingia.

Sisemi yalikuja kidogo. Hayakuja kabisa.

Ilikuwa mwaka 1954, kijijini kwetu, milimani juu ya Makanya. Nilikuwa nimerudi na cheti cha kilimo, wa kwanza darasani. Mjomba wangu alikuwa karani wa chifu. Nafasi ya msaidizi wa Bwana Shamba ilikuwa moja tu, na sharti lake moja: nifikishe maji kwenye kitalu cha kahawa cha kijiji.

Nikapima mteremko. Nikachimba wiki tano, peke yangu, mikono ikachubuka.

Na sasa Bwana Shamba, Mzungu, alikuwa amesimama kwenye mfereji mkavu, akitazama saa.

"Tumainieli, wamekuroga," mjomba akaninong'oneza.

Nami nikaamini! Mtu mwenye cheti!

Hata mchawi nilimpata: Hezroni. Tulisoma pamoja, alifeli mtihani wa darasa la nne mara mbili. Alfajiri ile nilimwona akishuka kutoka ndivani, kwenye bwawa letu la maji ya kumwagilia.

Nikapanda mbio. Ndiva imejaa hadi ukingoni! Mzee Sefania, mgawa maji, ameketi kando ya kizibo.

"Shikamoo, mzee. Hezroni amefunga maji yangu!"

"Marahaba. Yako yapi?"

"Mfereji umekamilika! Nimepima kila hatua!"

"Nimeuona. Mzuri sana. Zamu yako ni siku gani?"

Sikuwa na zamu.

Kwetu tope la ndiva huzolewa kwa msaragambo, kazi ya kijiji kizima. Ukija, unapata zamu ya maji. Walizoa Jumamosi nne. Jumamosi zote nne nilituma salamu kwamba nina hesabu za mfereji.

"Mimi ni mpwa wa karani wa chifu," nikasema. Naona haya hadi leo.

"Karani naye hakuja."

Halafu akasema lililonimaliza.

"Leo ni zamu ya Hezroni. Alikuja alfajiri akaomba upewe wewe. Nikamwambia, mwenye shida aje mwenyewe. Nimekaa hapa nikikungoja, mwanangu."

Nikaomba. Akazibua.

Nilikimbia sambamba na maji hadi kitaluni. Hayakumwagika hata mahali pamoja. Lakini hapakuwa na wa kuyaona. Bwana Shamba alikuwa ameshaondoka.

Mwezi uliofuata alitaka watu thelathini wa kujenga matuta. Nilibandika tangazo, maandishi safi kabisa. Wakaja watatu. Hezroni akapita nyumba kwa nyumba. Wakaja sitini.

Kazi ya msaidizi akapewa Hezroni.

Nilikasirika, sitaficha. Miaka miwili ya chuo! Usiku nililia kama mtoto.

Jumamosi nikachukua jembe, nikapanda ndivani.

"Jamani, njooni muone!" mama Ernesta akapiga kelele. "Leo cheti kimekuja kuzoa tope!"

Wakacheka hadi wakashika mbavu. Hezroni hakucheka. Akasogea, akanipa nafasi kwenye mstari.

Ndugu unayesoma, soma kwa bidii. Kama una mjomba karani, mshukuru Mungu.

Lakini kabla hujaanza kuchimba mfereji wako, uliza kwanza tope linazolewa lini.